Orodha ya Wazazi Walio Hai

Ili uandikishwe katika shule ile ya watu wazima ulitakiwa kupeleka picha mbili za pasipoti, cheti cha darasa la saba, barua ya mwenyekiti wa mtaa, na orodha ya wazazi wako walio hai.

Barua ilikuwa lazima itoke kwa mwenyekiti wa mtaa. Ya balozi wa nyumba kumi haikukubaliwa. Vyama vya siasa vilikuwa vimeshakuwa vingi, na mkuu wa shule alisema balozi ni mtu wa chama na shule yake haina chama. Mwenyekiti wa mtaa wetu alikuwa bado hajapata mhuri. Aliandika barua, akasaini, kisha akachora duara mahali ambapo mhuri ungekaa. Mkuu aliitazama barua ile, akaipokea, akasema, "Mhuri ukifika, uje ugongwe humo humo ndani ya duara."

Tulisomea katika madarasa ya shule ya msingi pale Buzuruga, Mwanza, si mbali na stendi. Watoto wakishatoka, sisi tuliingia saa tisa alasiri na kukaa hadi saa kumi na mbili, magoti yamebanwa na madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa miaka tisa. Walikuwepo waliopunguzwa kazi viwandani, mama wauza mitumba, askari mgambo wawili, na mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Niliacha shule kidato cha pili, nikazunguka: Geita kwenye machimbo, Ukerewe, Sengerema, Shinyanga, tena Ukerewe. Mwaka ule nilikuwa napakia abiria stendi, na nilikuwa nimeamua kwamba mtihani wa kidato cha nne nitaufanya kabla miguu haijaanza tena kuniwasha.

Mkuu alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa Kagera, Mlutheri, shati jeupe la mikono mirefu limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata jua liwe kali namna gani. Kanuni zake aliziandika kwenye karatasi ya manila ukutani. Ya mahudhurio ilisema kwamba mwanafunzi anaweza kukosa siku kumi na moja kwa mwaka bila sababu. Akikosa ya kumi na mbili, jina linakatwa kwa kalamu nyekundu, fomu yake ya mtihani haisainiwi, na atajiandikisha upya Januari. Sababu zilizokubalika zilikuwa ugonjwa na msiba wa mzazi. Ugonjwa ulihitaji cheti cha zahanati. Msiba wa mzazi ulikuwa na ruhusa ya siku tatu, na hapo ndipo orodha ilipokuwa na kazi.

Orodha ilianzishwa kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyekuwa anakata minofu kwenye kiwanda cha sangara. Mwaka uliotangulia alizika baba wanne kati ya Machi na Julai. Baba wa nne alipofariki, mkuu alipanda gari akaenda mwenyewe kijijini kuhakikisha. Akakuta msiba upo, jeneza lipo, na mwanafunzi wake analia. Akapewa kiti na sahani ya ugali. Aliporudi alikuwa ameelewa kwamba hakuna aliyemdanganya, kwa kuwa baba mzazi, baba wakubwa wawili na baba mdogo ni baba wanne, na hata kwao Kagera ni hivyo hivyo. Ila shule haikuweza kuendeshwa namna hiyo. Tangu hapo kila mwanafunzi aliandika wazazi wake siku ya kuandikishwa, jina na uhusiano, na ambaye hakuandikwa akifa, alikuwa amekufa nje ya utaratibu.

Mwanamke yule alirudia mwaka, akawa jirani yangu wa dawati. Siku ya kuandikishwa nilikuwa nyuma yake kwenye foleni.

"Mama, hapa umeandika mama kumi na mmoja," mkuu alimwambia.

"Hao ni wa upande wa baba tu, mwalimu. Karatasi imeisha. Ya upande wa mama utanipa?"

Hakumpa.

Mimi niliandika watu watano: baba, mama, baba wakubwa wawili, na mama mdogo wa Magu. Mmoja wa wale baba wakubwa sikuwa na hakika kama bado yuko hai. Nilimwandika kwa matumaini.

Ambaye sikumwandika ni mwanamke wa Misungwi aliyenilea. Baba alimwoa nikiwa na miaka minne, mama yangu alipokuwa amesharudi kwao. Waliachana nikiwa darasa la pili, baba akaenda Shinyanga kwenye kazi za pamba, akasema atanifuata muhula ukiisha. Muhula ule haukuisha. Nilibaki kwa yule mama, akaolewa na mtu mwingine, akazaa watoto wanne, na mimi nikiwa pale pale hadi kidato cha pili. Nilikuwa namwita mama. Lakini nilipofika kwenye safu ya uhusiano, nafasi ya mama ilikuwa imeshachukuliwa na aliyenizaa. Mama wa kambo hakuwa tena, maana alishaachana na baba. Mlezi lilionekana kama neno la cheo, kama mlezi wa chama cha ushirika. Nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana na mkuu alikuwa anaangalia saa. Nikaacha.

Kufika Agosti nilikuwa nimekosa siku kumi na moja. Nne nilikwenda Ukerewe. Sikuwa na shughuli kule. Meli ilikuwa inaondoka na mimi nilikuwa bandarini. Nyingine zilikwenda hivyo hivyo.

Alhamisi moja asubuhi, konda wa gari la Misungwi alinishika bega pale stendi.

"Wewe si una mama kule Misungwi? Yule wa nyumba ya karibu na kisima?"

"Ndiyo."

"Pole, ndugu yangu. Alifariki juzi. Wanazika leo saa nane. Jana nilikutafuta hapa nikakukosa."

Ilikuwa saa mbili. Misungwi si mbali. Ningepanda wakati ule, saa nne ningekuwa nimekaa na wafiwa. Jirani yangu wa dawati alikuwa ametoka zamu, anapita na buti zake nyeupe ndani ya mfuko. Nikamweleza.

"Panda gari," alisema.

"Nikikosa leo nakatwa. Ngoja kwanza nikaombe ruhusa."

"Mdogo wangu, panda gari. Nitakuombea mimi."

"Wewe mkuu hakuamini hata kidogo."

Alifikiri. "Kweli," alisema. "Mimi haniamini."

Nikaenda kumsubiri mkuu. Alikuwa anakaa Buswelu, na asubuhi alikuwa na bustani yake ya mboga. Alifika saa tano na nusu kwa baiskeli, fungu la mchicha limefungwa nyuma.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo umewahi."

"Nimefiwa."

"Pole sana," alisema, akafungua kabati, akatoa faili langu. "Ni yupi kati ya hawa?"

"Hayumo."

"Ni nani kwako?"

"Mama."

"Mama yako yumo, namba mbili. Ndiye aliyefariki?"

"Hapana, huyo yuko hai."

"Mshukuru Mungu."

"Aliyefariki ni mama aliyenilea, mwalimu. Sikumwandika. Sikujua niandike nini kwenye uhusiano."

Alilifunga faili taratibu. "Kijana, karatasi hii niliitunga ili nisiwe mimi wa kuamua nani ni mama wa nani. Nikiamua kwako leo, kesho nitaamua kwa watu sitini. Saa tisa nitaita majina. Usipokuwepo, nitakata. Nitasikitika, lakini nitakata."

Sikuona kosa katika maneno yake, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Nilikaa kwenye ngazi za darasa. Watu wengine wakikatwa walipoteza mwaka. Mimi nilijijua: nikikatwa Agosti, Januari singekuwa Mwanza. Ningekuwa mahali fulani nasema nitasoma mwaka unaofuata, na mtihani ule nisingeufanya kamwe. Nilikaa pale mpaka saa sita na nusu, ndipo nikainuka nikaenda stendi.

Gari la Misungwi lilikuwa na abiria watatu. Mpigadebe alikuwa anapaza sauti kwamba linaondoka sasa hivi. Kila siku maneno yale nilikuwa nayasema mimi, kwa hiyo nilijua maana yake. Tuliondoka saa saba na nusu.

Nilipokaribia nyumbani nilikutana na wanaume wanarudi na makoleo. Waliniangalia, wakanipa mikono, wakanipa pole, hakuna aliyeniuliza kitu. Saa tisa kamili nilikuwa nimesimama mbele ya kaburi lililokwisha kufukiwa, mashada mawili juu yake, na Buzuruga jina langu lilikuwa linaitwa. Siku ile sikuhudhuria popote.

Mtani wa ukoo, mzee mmoja aliyevaa koti la kike kinyumenyume kama watani wanavyofanya misibani, aliniona.

"Na huyu anatoka wapi wakati watu wanaosha mikono?"

"Alikuwa shule," alijibu binti mkubwa wa marehemu.

"Shule! Na ndevu zote hizo! Jamani mpisheni mtoto, kengele italia, achapwe bure! Mmempa uji?"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu mtani akisema usipocheka anaongeza.

Nilibaki hadi Jumapili, walipoanua matanga. Siku hiyo nilimwomba yule binti mkubwa anionyeshe wasifu wa marehemu, ule uliosomwa kaburini nikiwa njiani. Ulikuwa ukurasa mmoja, umeandikwa kwa mkono, una mhuri wa kanisa chini. Ulieleza alikozaliwa, alikobatizwa, na maradhi yake. Kisha ulisema ameacha watoto watano.

"Wanne," nilimwambia. "Mmekosea."

"Wapi?"

"Hapa. Mmeandika watano."

"Kaka, soma basi majina. Wa kwanza hapo nani?"

Wa kwanza nilikuwa mimi.

"Nani aliwaambia mniandike?"

"Mwenyewe. Alitutajia yuko kitandani, sisi tukaandika. Kwani wewe ulitaka uandikwe wapi?"

Nikamwomba nakala. Waliandika nyingine, wakampelekea mchungaji, akagonga mhuri.

Jumatatu saa nane nilikuwa ofisini kwa mkuu. Daftari la mahudhurio lilikuwa wazi mezani, na jina langu lilikuwa limepitiwa na mstari mwekundu, umenyooka, umepigwa kwa rula. Sikwenda kudai kitu. Nilikwenda kuchukua cheti changu cha darasa la saba. Lakini karatasi nilikuwa nayo mfukoni, na yeye alikuwa mtu wa karatasi, nikampa.

Aliisoma mara mbili. Aliuangalia mhuri. Kisha akatoa faili langu, akaiweka ile orodha yangu pembeni ya wasifu.

"Hati hizi zinapingana," alisema. "Hii ya marehemu inasema wewe ni mtoto wake. Hii yako inasema yeye si mama yako. Ipi ya kweli?"

"Ya marehemu."

"Kwa hiyo Januari ulitoa taarifa zisizo sahihi."

"Ndiyo, mwalimu."

Jirani yangu wa dawati alikuwa amewahi, amesimama mlangoni. "Jamani mwalimu! Mtu kafiwa!"

"Wewe tulia hapo. Na siku zako za kukosa nitazihesabu upya."

Alinyanyuka akaenda kwenye karatasi ya manila, akaweka kidole kwenye kanuni ambayo sidhani kama kuna mtu aliwahi kuisoma. Ilisema kwamba mwenye taarifa zisizo sahihi anaondolewa kwenye orodha ya wanafunzi mpaka atakapozisahihisha.

"Kwa kanuni hii, Alhamisi hukuwa mwanafunzi wangu," alisema. "Nilikata jina la mtu asiyekuwepo. Kosa ni langu." Akachukua kalamu ya bluu, akaandika pembeni ya mstari mwekundu: *limekatwa kimakosa*. Akasaini. Kisha akanipa fomu mpya. "Sahihisha. Weka tarehe ya Januari."

Nikakaa nikajaza. Baba. Mama. Baba wakubwa wawili, yule mmoja bado kwa matumaini. Mama mdogo wa Magu. Nikaandika jina la sita, na kwenye uhusiano nikaandika mama. Halafu nikasimamisha kalamu.

"Mwalimu, hii ni orodha ya walio hai."

"Januari alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Basi andika yaliyokuwa Januari."

Aliipokea, akaipitia, akaigonga mhuri. Kwenye daftari akaandika *msiba* kwenye Alhamisi na kwenye Ijumaa, kwa mwandiko wake wa kulala.

"Ruhusa ni siku tatu," alisema. "Umetumia mbili. Hii ya tatu unaitaka?"

Nikamwambia naitaka. Nilitoka wakati wenzangu wanaingia, nikapanda gari lililokuwa limeshajaa, nikafika Misungwi jua bado lipo. Hapakuwa na watu. Makoleo yalikuwa yamerudishwa kwa wenyewe na viti kwa waliotuazima. Nilikaa kaburini hadi saa kumi na mbili, saa ambayo shule inafungwa. Siku ya kumi na mbili ya kukosa haikufika mwaka ule. Mtihani niliufanya Novemba.