Kompyuta Iliyomkwamisha Marehemu

Bora niseme mwenyewe kabla wifi yangu hajawafikia. Tangu mume wangu afariki, sauti yake imebaki kwenye video moja tu, ya harusi ya binti yetu, ndani ya kompyuta ya nyumbani. Kila nikiifungua, mashine inakuwa nzito. Marehemu anainua mguu acheze, anagandia hapo hapo, mguu juu.

Juzi, mbele ya wageni waliokuja kuitazama, nikamlaumu wifi, dada yake marehemu.

"Flashi yako imeleta virusi! Unataka kunifutia mume?"

Machozi yakamlengalenga.

Nikamwita fundi kutoka Kariakoo, akafika wageni wangali wamekaa. Alipoigusa kompyuta, akarudisha mkono haraka.

"Mama, mbona inachemka kama chungu cha makande?"

Akaigeuza, akaanza kuchomoa pamba kwenye matundu ya nyuma, donge baada ya donge.

"Hapa ndipo inapopumulia. Video ni kazi nzito, ikipata joto inagoma. Nani kaziba?"

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa nazuia mende."

Wifi akalitazama lile rundo la pamba, kisha akanigeukia mbele ya wageni wote.

"Wifi, pua umeshaiziba. Na sanda umenunua?"