Maziwa Nyuma ya Mlango

Mwezi uliopita nilirudi Garissa, nikaingia kanisani kwetu pale mtaa wa Iftin, nikatoka nimechukizwa. Kijana mmoja wa suti alikuwa akifundisha watu kuhubiri Injili kwa hatua nne. Walizikariri kwa sauti moja, wakapigwa picha, wakagawiwa soda. Rafiki yangu, hivyo hivyo ndivyo tulivyolelewa, mpaka soda.

Enzi zetu mwalimu wa Jumapili alitukaririsha mistari chini ya mabati yaliyowaka joto, na asiyekosea alishinda soda. Jioni tuliirudia nyumbani tukichota maji, na jirani yetu, bibi wa Kisomali tuliyemwita ayeeyo, yaani nyanya kwa lugha yao, alitusikia kupitia ua wa miiba huku akichemsha chai yake ya iliki. Nikiikumbuka harufu ile, roho hutulia kidogo.

Mdogo wangu alipofariki, ayeeyo ndiye aliyetangulia kuingia kwetu, kibuyu cha maziwa ya ngamia mkononi. Vibuyu vyao hufukizwa kwa moshi wa kuni, kwa hiyo maziwa hunukia moshi, na ukipewa unakunywa. Mwalimu naye akaja. Alipokabidhiwa kikombe alikunja pua, akangoja ayeeyo ageuke, akayamwaga nyuma ya mlango. Nilimwona. Mpaka leo namwonea kinyaa.

Kisha, mbele ya mama aliyekuwa hajalala, akaanza hatua zake. Ayeeyo alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mwalim, huyo Nabii Isa, rafiki yake akikufa, yeye nalia?"

Mwalimu akamtajia sura na mstari wa jambo jingine kabisa. Mama, ambaye hakuwahi kushinda soda hata moja, akafuta uso, akajibu.

"Alilia, ayeeyo. Alijua atamfufua, na bado alilia, watu wote wakimwona."

"Bole, mama," ayeeyo akasema, akimwongezea maziwa. "Basi yeye najua wewe."

Huko nje mwalimu alimkemea mama eti ameiacha Injili nusu, hajafika hatua ya nne. Mama alikuwa ametoka kumzika mwanawe. Nikilikumbuka hilo natamani kutema mate.

Siku ile ya hatua nne kanisani, watu walipotawanyika, nilimwuliza kijana wa suti jirani wa kanisa ni nani. Akasema hawajawahi kusalimiana, ila amempangia hatua zake nne wiki ijayo.

Mama na ayeeyo wote wameshazikwa. Ua wa miiba uling'olewa, na sasa kati ya nyumba zile mbili kuna ukuta wa mawe uliopandwa vipande vya chupa juu, hata mtoto akariri kwa kelele namna gani, upande wa pili hasikiki. Nilizunguka hadi lango la akina ayeeyo, nikabisha. Mjukuu wake alinikaribisha, akanimiminia maziwa kutoka kwenye jerikeni. Vibuyu walishaviacha, na maziwa yale yalinuka plastiki.

Niliyanywa yote.