Sauti ya Mbuzi Darasani

Ijumaa moja, mwanangu, naikumbuka kuliko chakula nilichokula jana. Nilikuwa darasa la sita, hapa hapa Lushoto, na kila Ijumaa tulipeleka samadi ya bustani ya shule. Mimi nilibeba kindoo kidogo. Saumu, jirani yetu ambaye kwao walifuga mbuzi wengi, alikuja na tenga limejaa kichwani. Mvua ikamnyeshea njiani, akaingia darasani maji ya samadi yakimchuruzika shingoni mpaka kwenye sweta.

Mimi na mdomo wangu huu nikalia, "Meee!"

Darasa zima likacheka. Nikajiona mtu! Tangu hapo Saumu akisimama kujibu swali, tunalia mbuzi, nami ndiye wa kwanza. Alituzidi sote kwa hesabu, lakini akaacha kunyoosha mkono. Akaanza kuchelewa, halafu akaacha kabisa kuja.

Mama yake akaja kwa bibi yangu aliyenilea. Hata kiti alikikataa.

"Shikamoo, mama. Saumu amegoma kwenda shule. Jana kaniambia haoni faida ya kuishi. Mtoto wa miaka kumi na tatu!"

Nilikuwa namenya viazi, nikashindwa kuendelea. Wallahi nilidhani ni utani tu.

Bibi hakunipiga. Alinituma nikaombe radhi. Nikapita nyuma ya nyumba yao, nikamkuta Saumu jikoni, nikasema samahani haraka haraka, nikarudi nimefurahi.

Bibi akaniuliza, "Ulimlilia mbuzi wapi?"

"Darasani."

"Na radhi umeomba wapi?"

"Jikoni kwao."

"Nani kakusikia?"

"Yeye tu."

"Basi bado hujaomba."

Jumatatu nikasimama mstarini, nikaiambia shule nzima kwamba mimi ndiye niliyeanza na kwamba nimekosa. Wakanililia mbuzi mimi sasa! Niliona aibu nikatamani ardhi inimeze. Jioni nikaenda kumweleza Saumu. Alhamisi akarudi shuleni, ila mkono alikuja kuunyoosha tena baada ya miezi kadhaa.

Siku hizi tunakutana sokoni, sote wazee, yeye akiuza karoti za shambani kwake. Mwaka jana nikamshauri afuge mbuzi, apate samadi karibu. Akacheka kidogo.

"Nilikusamehe siku ile uliposema mstarini," akaniambia. "Lakini ile sauti, dada yangu, mpaka leo siitaki nyumbani kwangu."

Jamani! Mkulima wa milima hii asiyetaka kusikia mbuzi, na mimi ndiye sababu.

Ndiyo maana juzi niliposikia wewe na wenzako mkiichekea picha ya yule binti kwenye simu, moyo uliniuma. Mwanangu, usipime utani kwa kicheko cha wanaocheka. Mtazame yule anayechekwa: bado anajibu maswali? Bado anawahi kufika? Ukiona anajitenga, acha, wala usingoje alie. Kama ulimwaibisha mbele ya watu, muombe radhi mbele ya watu hao hao. Na ukionewa wewe, niambie siku hiyo hiyo. Saumu alikaa nayo peke yake muda mrefu mno.

Mungu akulindie ulimi wako, akujaalie wenzako wafurahi kila ukiingia mlangoni.