Upembo wa Shangazi Baharini

Kaka yangu alikuwa ameshapata kazi Maskati, na kimashua chetu cha faiba, tulichokuwa tukikipanda pamoja pwani ya Bububu, kilihitaji mrithi. Kwa maoni yangu mrithi nilikuwa mimi. Kwa maoni yake alikuwa ami yetu wa Tumbatu, aende nacho kuvua pweza.

"Kizungushe kwenye boya lile peke yako, na kusi hii inavyovuma, kitakuwa chako," aliniambia. "Ukikipindua, nampigia ami simu na wewe ungali majini."

Shida ilikuwa kana, ule mkono wa usukani. Upepo ukishika, mashua hulala upande, na dawa yake ni kukaa juu ya ukingo, kiwiliwili chote nje, uwe wewe ndiye uzito wa kuisawazisha. Siku zote kaka alikaa nje, mimi nikashika kana. Peke yangu, nikitoka nje mkono haufiki. Mkono ukifika, mimi nimo ndani na maji yananifuata. Nilitaka fimbo ya kuirefusha kana ile.

Nikawa kama mgonjwa wa fimbo. Nyumbani Jang'ombe nilikaa juu ya mkono wa kochi, nimejirusha nyuma, nikazijaribu moja moja. Mpini wa dekio ulikuwa mfupi. Bomba la plastiki lilipinda kama tambi: unasukuma leo, usukani unasikia kesho. Mwanzi niliupenda kwa wepesi wake, ukapasuka nilipoutoboa.

Halafu, uani kwa shangazi Bububu, nikauona upembo wake wa kuangulia maembe. Mrefu, mkavu, mwepesi, na nchani una kulabu iliyokaa kiganjani kana kwamba imechongewa mimi.

"Upembo wangu unakwenda nao wapi?" shangazi aliuliza.

"Pwani, shangazi."

"Pwani kuna mwembe?"

"Naazima tu."

"Haya. Ukiangua nguru, kichwa changu."

Nikaufunga kwenye kana kwa kipande cha mpira wa maji nilichokipata sokoni Mwanakwerekwe, ili fimbo icheze kila upande. Kisha nikaingia baharini, nikakaa ukingoni, nikaegemea nje mpaka mtandio wangu ukagusa povu. Ya Rabi! Nilisukuma fimbo kidogo tu, kwa vidole, na mashua nzima ikanisikia. Nilicheka peke yangu kwa sauti.

Kwenye boya nikageuza. Kulabu ikaidaka demani, kamba ya kuvutia tanga, ikaing'ang'ania. Kamba haikulegea, tanga likajaa upepo, kimashua kikapinduka, na mimi nikajikuta nakunywa chumvi.

Nilipoibuka, kaka alikuwa ufukweni, simu sikioni.

"Kulabu imekamata kamba!" nilipiga kelele. "Mara moja tu nyingine!"

"Una bahati, ami hapokei!"

Nikakiinua kimashua, nikarudi, nikaomba msumeno. Kaka alinitazama nikiikata kulabu mchangani.

"Shangazi atakula nini mwaka huu?"

"Nitamchongea mwingine. Shika hapa."

Akashika.

Safari hii nilipofika kwenye boya niliivuta fimbo nyuma yangu kwanza, nikainama chini ya tanga, nikahamia ukingo wa pili huku nikibadilisha mikono. Ncha ikapita juu ya kamba, laini, haikugusa kitu. Mashua ikasita, ikatikisa tanga, kisha ikaruka. Boya likapita pembeni, karibu hata ningeweza kulipiga kofi. Nilikuwa nje mzima mzima, upepo unanijaza mdomo, na kila wimbi nililipanda kwa kusukuma kidogo na kuvuta kidogo.

"Basi, nshaona!" kaka alipaza sauti, maji yakimfika magotini. "Lete na mie nipande!"

"Omba vizuri!"

Akageuka nyuma kuona kama yupo mtu anayemsikia.

"Naomba, nahodha!"

Nikageuza, nikaenda kumchukua.