Wenye Mkahawa wa Dirah

Ukiingia mlangoni, mkono wa kulia, pana ubao mweusi wenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Watu husimama hapo kupiga picha. Ubao unaeleza kwa Kiarabu habari za mkahawa ule: nani aliuanzisha, nani aliwasha moto wa kwanza, kwa nini wazee wa Dirah waliupenda. Maneno yale ni yangu. Niliyaandika nikiwa na miaka kumi na sita, kwa kalamu ya shule, na karibu yote ni uongo.

Naanza hapo nisije nikajificha baadaye. Mimi ni mtu wa soni. Darasani nalijua jibu na nanyamaza. Mwalimu akiniita natazama viatu vyangu. Nikizidiwa, naandika. Ndiyo maana nilikuwa na daftari la jalada la kijani, na ndani yake nilikuwa nakusanya habari za mkahawa wetu, nikimsumbua bibi anapokata kashata mpaka anifukuze na kisu mkononi.

Mkahawa ulikuwa Al-Dirah, Riyadh, kichochoro cha nyuma ya maduka ya udi. Chumba kimoja kirefu, meza nne, benchi la ukuta mzima, na nyuma ya pazia jiko la bibi. Babu alikuwa mtu wa tatu kuushika.

Wa kwanza alikuwa baba yake bibi. Unguja alikuwa karani, mtu wa kuvaa soksi hata siku ya joto. Baada ya Mapinduzi alifika Jeddah na mke na begi moja, akabeba mizigo bandarini kwa mgongo ambao haukuzoea kazi hiyo, kisha akaja Riyadh. Muuza udi mmoja, Msaudia, akampa chumba na akawa kafili wake, mdhamini wake kisheria. Leseni ikaandikwa jina la muuza udi, kazi ikafanywa na karani. Asubuhi ya kwanza karani hakuweza kuwasha makaa. Alipuliza mpaka macho yakamwiva. Moto ukamfia mara mbili. Akaja Myemeni wa jirani, mwoka mikate, akamsukuma kando: "Yalla, mwalimu, toka hapo, utatuchoma sote." Akauwasha yeye. Hilo limo katika daftari. Kwenye ubao halimo.

Hakuwa mtu wa kupendeka, bibi mwenyewe anasema. Alitundika kipande cha boksi mlangoni: viatu na siasa viachwe nje. Watu walivua viatu, siasa wakaingia nayo, na yeye alikuwa wa kwanza kupandisha sauti.

Wa pili alikuwa shemeji yake, mtu wa redio na ugomvi. Aliwahi kumpiga mteja kwa sinia kwa sababu ya mpira. Lakini yeye ndiye aliyelijenga lile benchi, na mkono wa dele la kahawa ulipovunjika yeye ndiye aliyeuzungushia waya wa shaba, ukashika mpaka leo. Siku moja akaenda zake Muscat bila kumuaga mtu. Ufunguo aliuacha ndani ya dele. Babu, aliyekuwa mkwe mpya tu katika nyumba ile, akautoa umejaa machicha ya kahawa, akaupangusa kwa kanzu, akafungua mlango. Akaendelea kuufungua miaka yote ya baba yangu na miaka yangu yote.

Sasa niseme lile jambo ambalo ndilo lililotumaliza. Kila asubuhi kikombe cha kwanza kutoka kwenye dele kilikuwa cha kafili. Awepo asiwepo, babu alikimimina na kukiweka ncha ya benchi, na hapakaliwi mpaka kahawa ipoe. Na mtu akiuliza mkahawa huu wa nani, jibu lilikuwa moja tangu enzi za karani: "Wa bosi huu. Sisi twachemsha tu." Ilikuwa adabu. Na yule muuza udi, ambaye nilimdiriki akiwa mzee wa mkongojo, alikuwa na jibu lake. Akiingia, watu wakimpisha, alipunga mkono: "Kaeni, kaeni. Mimi mgeni hapa. Mwenye nyumba ni huyu." Anamwonyesha babu. Babu anakataa, mzee anashikilia, wanavutana hivyo kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia. Nilikuwa mdogo na nikidhani ni mchezo wao.

Kila Ijumaa alikuja dada mmoja Mkenya aliyefanya kazi za ndani kwa madam wa mtaa wa Olaya. Alikuja kwa metro, anavua viatu, anajinyoosha kwenye benchi kama yuko kwao.

"Babu, hii place ni yako, sindiyo?"

"Ya bosi, mwanangu. Sisi twachemsha tu."

"Wacha mchezo! Nimekunywa chai hapa miaka mbili, sijaona bosi akiosha kikombe." Kisha ananigeukia. "Na huyu mjukuu wako, aliletwa bila sauti? Rudisheni, mpewe ingine."

"Sauti anayo," babu anasema. "Ameifungia daftarini."

Mzee wa udi akafa. Tulimlilia kweli, babu alifunga mkahawa siku tatu na hata kikombe chake hakukiosha. Leseni ikahamia kwa mwanawe, na sisi pia, maana ikama ya babu, kibali chake cha kukaa nchini, ilisimama juu ya leseni ile. Mwana alikuwa mtu wa ofisi, Olaya, sauti ya chini, manukato ya gharama. Alikuja mara ya kwanza akiwa na kijana wa kupima kuta. Dirah inapendezeshwa, alisema, wageni wanapenda mahali penye historia. Akamshika babu bega. "Baba, wewe ndiye historia yenyewe. Nitakuja wiki ijayo unieleze yote, tuiandike, tuitundike hapa."

Wiki ile babu alinyoa ndevu mara mbili. Ikama yake ilikuwa inakwisha baada ya Idi na alikuwa amekwisha kuwaza sana. Baba alishapata mtu wa kumhamishia kazi Jeddah, na alitaka tuondoke sote. Babu hakutaka. Alisema anaomba kitu kimoja tu, aachiwe dele lake mpaka mikono imshinde. "Akishasikia habari zetu," alimwambia bibi, "ataona haya kututoa."

Yule dada Mkenya aliponiona napitia daftari Ijumaa hiyo, alisogea karibu. "Sikiza. Huyo bosi mpya akija, usimwachie babu aongee peke yake. Babu yako ana heshima mingi. Wewe soma hiyo kitu yako. Si uko na mdomo?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Mwana wa mzee akaja baada ya Alasiri. Babu alikaa ncha ya benchi, mimi kando na karatasi, kwa kuwa babu Kiarabu anakisema lakini kukiandika kunamshinda. Daftari la kijani lilikuwa mapajani mwangu. Akaagiza kahawa, akakunja mguu. "Haya, baba. Nani alianzisha mahali hapa?"

Babu akaweka mkono kifuani. "Marehemu baba yako, Mungu amrehemu. Mahali hapa ni pake. Sisi tulikuwa tunachemsha tu."

Nilimwona akingoja. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, na pembeni ya mdomo tabasamu lilikuwa tayari, analingojea lile jibu alilozoea kupewa maisha yake yote: hapana, hapana, mwenye nyumba ni wewe.

"Safi," mwana akasema. Akanigeukia mimi. "Andika hivyo, binti."

Nyuma ya pazia bibi akakohoa. Kikohozi hicho nakijua, ni cha kuniamsha. Daftari lilikuwa limefunguka ukurasa wa karani na Myemeni, ningeweza kusoma mstari mmoja tu, mmoja, na pengine babu naye angepata pa kushika. Nikaandika hivyo.

Akamuuliza benchi lilijengwa na nani. "Kwa hisani ya baba yako." Kahawa ya tangawizi? "Baba yako aliipenda hivyo." Kila jibu babu alingoja kidogo, na kila mara akaambiwa safi. La mwisho alilisema akitazama sakafu.

Na hapa ndipo pabaya. Nilipoisafisha karatasi ile nyumbani niliona imepwaya, na mimi insha zangu husifiwa. Nikaongeza sentensi yangu mwenyewe: kwamba asubuhi ya kwanza mzee wa udi alipiga magoti akawasha moto kwa mikono yake, na moshi wa udi na wa makaa ukapanda pamoja. Hakuna aliyeniambia niiongeze. Nilitaka bosi aipende. Nilidhani akiipenda karatasi atatupenda na sisi.

Aliipenda sana. Alinitumia ujumbe wa shukrani, na picha ya ua.

Baada ya Idi ulikuja ujumbe mwingine, kwa baba. Mkahawa utafungwa kwa ukarabati na utakuwa na wafanyakazi wapya. Ikama ya mzee haitafanywa upya, tafadhali mtafutieni uhamisho. Benchi na dele ni mali ya nyumba, kama historia ilivyoeleza. Baba alisoma kwa sauti. Bibi akasema, "Halas, yamekwisha," akaingia kufunga masufuria yake katika magazeti. Babu hakunitazama, na ningependa angenitazama.

Sasa tuko Jeddah. Baba anauza marumaru, shangazi yuko kwenye duka la nguo huko Al-Rawdah, na babu yuko dirishani. Tulimnunulia dele jipya. Anasema linanuka bati.

Mwezi uliopita tulirudi Riyadh kumalizia karatasi zake za uhamisho, mimi nikiwa mwandishi wake kama kawaida. Tulipotoka alisema tupite Dirah, na sikuweza kumkatalia. Mlango ni wa kioo. Kijana wa aproni akatuuliza kama tumeweka nafasi. Kwa bahati palikuwa na nafasi kwenye benchi, ncha kabisa. Dele la karani lilikuwa ndani ya sanduku la kioo, taa ikiumulika ule waya wa shaba.

Babu akasimama mbele ya ubao. Husoma polepole, kwa kidole hewani. Nilihesabu vigae vya sakafu mpaka akamaliza.

Tulipokaa, kijana akaleta kahawa. Alikuwa mchangamfu, hana kosa. "Baba, umewahi kufika hapa zamani?"

Babu akafungua mdomo, na safari hii nilimtangulia. Sauti yangu ilitoka juu mno, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara. "Huyu ndiye mwenye mkahawa!"

Watu wa meza ya pili waligeuka. Kijana akaweka mkono kifuani, akainama, akatabasamu kwa uzuri kabisa. "Bila shaka. Kila mgeni wetu ndiye mwenye mkahawa."

Babu akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, kicheko kikavu cha puani. Akanywa nusu, kikombe akakiacha pale ncha ya benchi, akainuka.

Njiani kuelekea metro alikuwa ananiegemea. Kisha akauliza, "Ile ya moto. Ya mzee kupiga magoti. Uliitoa wapi?"

"Niliibuni, babu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi ndiyo nzuri kuliko zote," akasema. "Hata mimi nilipoisoma nilitaka iwe kweli."

Angenipiga kofi ningeshukuru. Daftari la kijani ninalo, na huu ni ukurasa wake wa mwisho, kwa Kiswahili, ambacho bosi hawezi kukisoma wala kukitundika. Moto wa kwanza aliuwasha Myemeni mwoka mikate. Karani alikuwa kasimama kando na soksi zake, macho yakimtoka machozi, akiambiwa atoke njiani.