Bomba la Zizi la Zamani

Nilipokuwa na miaka tisa, nyanya yangu alinikataza kunywa maji ya bomba lililokuwa hatua hamsini kutoka mlangoni kwetu kwa sababu, alisema, pale ndipo majini wanapopata chakula chao. Nyanya kwa Kisomali ni ayeeyo, na ndivyo nitakavyomwita hapa, maana sikuwahi kumwita vingine. Nilimcheka. Nilikuwa darasa la tatu, nilijua kusoma, na bango la bomba lile liliandikwa MAJI SAFI KWA WOTE. Niliamini bango. Hadi leo nikikumbuka zile herufi za buluu nasikia damu ikinipanda kichwani.

Mtaa wetu uko pembeni mwa mji wa Garissa, upande ulio mbali na mto Tana. Kabla soko la mifugo halijahamishwa, pale palikuwa na zizi kubwa ambamo mbuzi na ng'ombe waliotoka Bura, Habaswein na kwingineko walilazwa kusubiri siku ya soko. Miaka na miaka. Samadi ilirundikana mpaka ukitembea mguu unazama, na mwaka wa ukame waliokufa walifukiwa papo hapo. Soko likahama, uwanja ukabaki mtupu. Kisha mafuriko yakaharibu mitambo ya kuvuta maji mtoni, mji ukashikwa na kiu, na wakubwa wa maji wakatafuta mahali pa kuchimba kisima haraka. Uwanja wa zizi haukuwa na mwenyewe wa kulalamika. Wakachimba hapo.

Siku ya ufunguzi afisa wa maji alikata utepe, akanywa bilauri moja mbele yetu, tukampigia makofi. Ayeeyo alikuwa nyuma ya umati, ameniegemea begani. Aliuliza kitu kwa Kisomali, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ngamia, na kijana mmoja akatafsiri kwa Kiswahili cha kwetu, p ikawa b na v ikawa f, huku anacheka.

"Mama anauliza, nani huyo anachimba maji juu ya mifuba na mafi?"

Watu waliangua kicheko, afisa naye akacheka. "Mwambieni mama asiogope," alisema. "Kisima ni kirefu, na maji yamepimwa."

Neno hilo, yamepimwa, naomba msomaji alishike.

Ayeeyo hakuwa amelitunga lile jambo. Kwetu mtoto anajifunza mapema, kwenye chuo cha Kurani, kwamba mifupa na kinyesi cha mifugo ni riziki ya majini, na ndiyo maana hatujisafishii navyo tukitoka haja. Yeye aliongeza alilorithi kwa mama yake huko malishoni: ukikuta maji karibu na zizi la kale, pita, hata kama ulimi umekauka. Wenye mifugo wameondoka, lakini wanaokula bado wapo, na wanamkaba pumzi mdogo yeyote anayewaingilia. Kubwa jinga linaweza kunywa lisidhurike. Mdogo hapana.

Baba yangu, Aabo, alikuwa karani wa serikali na mtu wa shati lililopigwa pasi. Maneno haya yalimwaibisha. "Mama," alimwambia jioni ile, "majirani watasema tumeleta pori mjini." Ayeeyo akamjibu kwamba porini hakuna mtu mjinga kiasi hicho.

Wa kwanza kuanguka alikuwa mbuzi wake. Ilikuwa siku ya joto kali, mbuzi akanywa karai zima la maji ya bomba, na kabla ya adhuhuri alikuwa anatetemeka, mate yanamtoka, hawezi kusimama. Mfugaji hangoji mnyama afe kibudu. Ayeeyo alimwita jirani, kisu kikapita, na damu ikatoka. Nilikuwa nimeshika miguu ya nyuma. Nimeona mbuzi wengi wakichinjwa na najua rangi ya damu. Ile haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya kahawia, kama kahawa iliyochemka na maganda yake. Jirani alirudi nyuma akisoma audhubillahi. Ayeeyo alichovya kidole, akakitazama juani, akasema nyama ile isiliwe. Tangu siku hiyo alinunua maji ya mto kwa wenye mikokoteni ya punda, akayaacha yatulie kwenye pipa, na hakugusa tena ya bomba.

Miezi miwili baadaye mama yangu, Hooyo, alijifungua msichana, akaitwa Ifrah. Alikuwa mweupe wa macho, mwingi wa sauti. Wiki ya tatu Hooyo akapata jipu kwenye ziwa, homa ikampanda, akalazwa, na Ifrah akaanza kunyweshwa maziwa ya unga ya kopo. Maziwa hayo yalihitaji maji.

Hapo ndipo Ayeeyo alipopigana. Sina neno jingine. Alisimama mbele ya jiko akakataa katakata mtoto asikorogewe maziwa kwa maji ya bomba. Aabo naye alikuwa na hoja, na wakati ule zilionekana za mtu mwenye akili: maji ya mto yana matope na mavi ya viboko, haya yamepimwa na serikali, na tena tutayachemsha. Tulichemsha. Wallahi tulichemsha, sufuria inatokota hadi maji yanapungua nusu, kama tulivyofundishwa shuleni na kliniki. Ayeeyo alipoona hasikilizwi, akafunga shuka lake na kusema anakwenda Bura kwa kaka yake kuchukua mbuzi mwenye maziwa, ili mtoto asihitaji maji ya mtu.

"Mpaka nirudi," aliniambia mlangoni, "mtoto apewe ya pipa langu. Wewe ndiye utakayempa."

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Ningemshinda vipi Aabo?

Siku ya tatu baada ya Ayeeyo kuondoka, midomo ya Ifrah ilibadilika, ikawa kama mtu aliyelamba wino. Kucha vivyo hivyo. Hakuwa na homa, hakuharisha sana, ila alihema haraka na alikuwa amenyamaza, yeye aliyekuwa hanyamazi. Aabo alimbeba hadi zahanati nami nikafuata na mfuko wa nguo. Muuguzi alikuwa mtu wa bara, kwa hiyo Aabo alizungumza Kiswahili chake.

"Sista, mtoto habumui fizuri. Angalia mdomo yake."

Muuguzi alimtoboa kidole cha mguu ili apime malaria. Tone likatokea kwenye ule unyayo mdogo, nami nilikuwa karibu, pua yangu sawa na meza. Lilikuwa la kahawia.

"Aabo," nilisema, "kama ya mbuzi."

"Nyamaza."

Nikanyamaza. Malaria haikuonekana, wakatupatia dawa ya unga. Ikorogwe kwa maji safi yaliyochemshwa, muuguzi alisema, na apewe mara nyingi awezavyo.

Nyumbani majirani walikuwa wamejaa. Wakasema kile ambacho Ayeeyo alikisema mapema, ila wao walikisema kwa kuchelewa na kwa kupotoka: mtoto amekabwa na jini, aitwe maalim. Na Aabo, msomi wetu, mwenye shati la pasi, aliyekataa habari za jini ilipokuwa bado ina faida kuzisikia, sasa alizikubali zilipokuwa hazina faida tena. Maalim alikuja, mzee mpole aliyenifundisha alifu na be. Akaomba maji ya kusomea. Tunaita tahliil: Kurani husomwa juu ya maji, kisha mgonjwa hunyweshwa na kupanguswa nayo. Hooyo bado alikuwa hospitali, shangazi zangu walikuwa wanalia, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa kujaza jagi.

Pipa la Ayeeyo lilikuwa pale pale kivulini. Nililipita. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na niliona haya kumpelekea maalim maji machafu ili asomee maneno ya Mungu. Nikakimbia hatua hamsini hadi bombani, nikajaza jagi maji meupe, yanayong'aa, na nikajiona mtoto mwenye adabu.

Maalim alisoma kwa muda mrefu. Aya hazikuwa na kosa, na mtu asinisingizie kwamba nimesema zilikuwa nalo. Kisha nikapewa kijiko, kwa kuwa Ifrah alizoea mkono wangu. Kijiko kimoja, bismillahi. Kijiko kingine. Alimeza vizuri. Mchana kutwa na asubuhi yake, kila alipofumbua mdomo, nilimpa. Kabla ya swala ya Ijumaa alikuwa amekufa, na midomo yake ilikuwa rangi ya kijivu cha jivu la jikoni.

Ayeeyo alifika Jumamosi juu ya lori la mifugo, na mbuzi wake amefungwa kamba, chuchu zimejaa. Alimwona Aabo amekaa mkekani na watu wa matanga. Hakulia, na hakumwambia nilikuambia. Alikwenda kwenye pipa lake, akafunua kifuniko, akaona maji yako vile vile alivyoyaacha. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena, na nimeshaolewa na kuachwa.

Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo mtupu! Waliokataa kusikia wanatembea kwa miguu yote miwili, mmoja wao, yule wa utepe, alistaafu juzi akafanyiwa karamu. Aliyevunjika ni mtoto ambaye hata kukaa alikuwa hajajua.

Nimekuwa mwalimu wa kemia katika shule ya wasichana hapa hapa mjini. Wengine husema nilivutiwa na sayansi. Nilivutiwa na lile tone. Chuoni nilisoma juu ya naitreti, chumvi inayotoka kwenye samadi na mizoga na kuzama polepole mpaka kwenye maji ya chini. Haina rangi, haina harufu. Mtu mzima huinywa akaendelea na shughuli zake. Kwa mtoto mchanga huigeuza damu kuwa ya kahawia, isiweze kubeba hewa, naye hukosa pumzi huku mapafu yake yako mazima. Mbuzi na ng'ombe nao huwaua. Na kuchemsha hakuiondoi: maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo kadiri unavyochemsha kwa mapenzi ndivyo unavyoikoleza. Nilifunga kitabu nikatoka nje ya maktaba.

Hata hivyo ningeweza kusamehe ujinga. Sisi sote tulikuwa wajinga. Lakini mwaka juzi nilikwenda ofisi ya maji kuomba rekodi za visima kwa ajili ya somo, na msichana wa mapokezi, ambaye hakujua anachonipa, akanitolea nakala kwenye faili. Ripoti ya kisima cha zizi la zamani. Naitreti imezidi kiwango, imezidi sana. Mstari wa mwisho, umepigwa chapa: yasitumiwe kwa watoto wachanga. Sahihi, muhuri, tarehe. Tarehe ile ilikuwa kabla ya utepe kukatwa. Kumbe afisa hakudanganya, maji yalikuwa yamepimwa kweli.

Nilimpelekea Aabo karatasi, mzee sasa, macho yamefifia. Aliisoma mara mbili na kidole chini ya mistari. Akauliza tarehe, nikamsomea. Akasema, "Wewe uliniambia. Bale zahanati. Uliniambia ni kama ya mbuzi." Alisema kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda kwa kuwa ndiyo lugha tuliyokuwa tukizungumza na yule muuguzi. Nikamwambia na mimi nililipita pipa. Tulilia pamoja mara ya kwanza tangu matanga.

Na sasa sikilizeni. Bomba lile, lililofungwa miaka mingi baada ya maji ya mto kurudi, mwaka huu limefunguliwa tena kwa sababu mji umekua na maji hayatoshi. Wamelipaka rangi. Nilipima maji yake kwenye maabara ya shule: ni yale yale. Nikaandika barua tatu. Nikaambiwa linashughulikiwa.

Wiki moja baadaye nilimkuta pale mama kijana, mtoto mgongoni, anajaza jerikeni. Nilimweleza habari za naitreti kwa upole, kama ninavyofundisha. Akanisikiliza kwa heshima. "Sawa, mwalimu," alisema. "Mimi nachemsha, mbaka inatokota kabisa."

Nilitamani kupiga kelele. Badala yake nikamwambia, kwa Kisomali na kwa sauti ya Ayeeyo, kwamba hapa palikuwa na zizi, chini yetu kuna mifupa na kinyesi, na kwamba yeye anajua ni nani hula hapo. Akalitazama bomba. Akamimina jerikeni lote chini, akamvuta mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani, akaondoka karibu anakimbia.

Sasa kila Alhamisi mchinjaji wa sokoni ananiwekea mifupa: mataya, miguu, wakati mwingine fuvu zima la mbuzi lenye pembe. Naifunga kwa waya kwenye uzio wa bomba lile, mchana, kila mtu ananiona. Wenye watoto wachanga hawateki tena pale. Wafanyakazi wa maji wanaikata, nami naifunga upya. Mwezi uliopita afisa mpya aliniita ofisini, akaniuliza kama sioni haya, msomi mzima, kueneza ushirikina.

Nilimwekea nakala ya ripoti mezani. Nikamwambia aichape kwa herufi kubwa, za buluu akipenda, aibandike bombani, na siku hiyo hiyo nitaiondoa mifupa yangu yote kwa mikono yangu.

Hajaibandika. Kesho ni Alhamisi.