Kamba ya Mbuzi Wangu

Andika hivi, mujukuu, wala usiongeze neno. Hapa Kibati, mbuzi wangu wawili, mali yote iliyonibakia baada ya vita, walikutwa wamekufa katika shimo moja bila jeraha. Majirani walisema chombo cha wageni kutoka mbinguni kilitua pale.

“Wageni gani hao, wanaua mbuzi bila hata kumusalimia mama!” mmoja alitania.

Wachunguzi walifika kutoka Goma, wakaniomba kamba ya mbuzi, wakateremsha nayo taa ya moto mule shimoni. Ikazimika.

“Mama, ni mazuku, hewa yenye sumu inayotoka ardhini, inazima moto na pumzi pia,” walisema.

Watu waliondoka wakinung’unika, kwa kuwa walitaka chombo. Mimi nilirudishiwa kamba. Niliikunja, nikaitundika mahali pake. Sikusikia kitu moyoni.